Msilisingizie Giza

Boksi lilishuka na ndege ya Alhamisi, baada ya siku nne za dhoruba ambazo hakuna ndege iliyothubutu kutua. Tulikuwa tunasubiri dawa. Dawa zilikuwemo, lakini juu yake kulikuwa na mabango kumi na mawili, yamekunjwa vizuri kama mikeka mipya. Kwenye bango kuna mwanamke amefumba macho, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na nyuma yake dirishani theluji inadondoka taratibu. Juu yameandikwa, kwa Kiingereza na kwa Kiinuktitut, maneno yenye maana ya afya njema msimu wa baridi. Chini kuna mashauri sita. Toka nje utembee walau nusu saa kila siku. Kula matunda na mboga za rangi mbalimbali. Lala saa nane katika chumba tulivu. Nawa mikono mara kwa mara. Kunywa vitamini D. Ukijisikia huzuni, zungumza na mtu.

Nje ilikuwa nyuzi 38 chini ya sifuri. Dukani mboga zilizobaki zilikuwa vitunguu, na kabichi ambayo majani yake ya nje yalishageuka rangi. Gari la maji halikuwa limepita tangu dhoruba ianze, maana kijijini hakuna mabomba. Maji huletwa na lori nyumba kwa nyumba, na lori likikwama matangi hukauka. Mkalimani wetu, mama wa watoto wanne ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa anakiendesha kile kituo cha afya, alilisoma bango lote kwa makini, shauri moja baada ya jingine. Alipofika kwenye la tatu akacheka.

“Chumba tulivu,” alisema. “Nyumbani kwetu tuko kumi na mmoja, vyumba vitatu. Waambie boksi linalofuata watuletee na hicho chumba.”

Mimi ni muuguzi. Nilisomea kazi hii Tanzania, nikaisomea upya Kanada, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda kaskazini kwa mikataba mifupi: wiki sita, wiki nane, halafu nyumbani. Ninakokwenda ni Nunavut, jimbo la Wainuit lililoanzishwa tarehe 1 Aprili 1999. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu 36,858 tu. Wakusanye wote katika Uwanja wa Mkapa, na viti zaidi ya elfu ishirini vitabaki vitupu. Wanaishi katika miji na vijiji 25, na hakuna barabara hata moja inayounganisha kimoja na kingine. Unakwenda kwa ndege, au kwa meli katika miezi michache barafu inapoyeyuka.

Nikitaja ninakofanya kazi, watu wote hunipa pole ileile, wawe ndugu zangu wa Handeni kwenye kundi la WhatsApp au wenzangu hospitalini kusini mwa Kanada. Pole na baridi. Pole na giza. Wanaishije watu wale? Na wakisikia habari za kifua kikuu, za njaa, za vijana wanaojiua, huinamisha vichwa na kusema: lakini na lile giza, jamani.

Nimechoka na neno hilo. Naandika kulipinga kwa sababu naamini ni uongo, na ni uongo wenye faida kwa watu fulani. Baridi na giza vimefanywa kuwa kisingizio. Ukishakubali kwamba ugonjwa wa kaskazini unaletwa na majira, hakuna wa kulaumiwa, maana nani atashitaki majira? Kilichobaki ni kumfundisha mgonjwa namna ya kuyavumilia. Ndipo bango linapozaliwa.

Tuanze na giza lenyewe. Wainuit na mababu zao wameishi katika nchi ile kwa takribani miaka elfu moja, na wengine walitangulia kabla yao. Igloolik, ambako jua huzama mwishoni mwa Novemba na kurudi katikati ya Januari, siku ya kurudi kwa jua ilikuwa na desturi yake: taa za mawe zinazowaka kwa mafuta ya sili, zinazoitwa qulliq, zilizimwa zote, halafu zikawashwa upya. Watu wenye desturi ya namna hiyo hawakulichukulia giza kuwa ugonjwa. Lilikuwa msimu, kama sisi tulivyo na masika, wenye kazi zake, hadithi zake na michezo yake.

Utafiti nao haumsaidii anayelisingizia giza. Mwanasaikolojia wa Marekani Kari Leibowitz alikwenda Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kuchunguza kwa nini watu wa huko hawaugui huzuni ya majira kama ilivyotarajiwa, ingawa jua huwapotea kwa wiki kadhaa kila mwaka. Alikuta watu wanaoupenda msimu wao. Lakini Tromsø ina chuo kikuu, hospitali kubwa, maji ya bomba na nyumba imara. Huko giza ni lilelile. Kilicho tofauti ni yote yanayolizunguka.

Kisha kuna jambo zito zaidi, ambalo nalisema kwa uangalifu. Huko Greenland, ambako nako wanaishi Wainuit, watafiti waliochunguza vifo vya watu kujiua katika upande wa magharibi walikuta kwamba kilele chake ni Juni, wakati mwanga wa jua ni mwingi kuliko wakati wote. Na katika Nunavut vifo hivyo havikuanza na majira. Vilikuwa vichache zamani. Vilianza kupanda katika miaka ya 1970, kwa kizazi cha kwanza kilichokulia ndani ya vijiji vilivyopangwa na serikali. Giza lilikuwepo miaka elfu nzima. Vijiji vile havikuwepo.

Na vijiji vile vilikujaje? Hapa Mtanzania hahitaji kuelezwa mengi. Mimi nimezaliwa katika familia iliyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na najua jinsi wazee wanavyoisimulia: waanzapo na shule na zahanati, sauti huwa juu, na wafikapo kwenye nyumba zilizoachwa na mashamba ya mbali, sauti hushuka. Kule kaskazini, katika miaka ya 1950 na 1960, watu waliokuwa wakihama na wanyama waliombwa, wakashawishiwa, na mara nyingine wakalazimishwa kukaa mahali pamoja. Watoto walipelekwa shule za bweni ambako lugha yao ilikatazwa. Mbwa wa kukokota sleji, ambao ndio waliokuwa miguu ya mwindaji, waliuawa kwa wingi, na mwaka 2019 serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi kwa hilo. Nyumba walizopewa zilikuwa vibanda vidogo mno, hata vikapewa jina la viberiti.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu anayelaumu giza angepaswa kukijua. Mwaka 1953, na tena 1955, serikali ilizichukua familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, ikazipeleka kwa meli umbali wa takribani kilomita 2,000 hadi Resolute na Grise Fiord, karibu na mwisho wa dunia upande wa kaskazini. Inukjuak jua linachomoza kila siku ya mwaka. Huko walikopelekwa, halichomozi kwa miezi. Watu wale hawakuwahi kuuona usiku wa namna ile, na familia chache za Pond Inlet zilipelekwa pamoja nao ili ziwafundishe kuishi humo. Waliahidiwa wanyama tele na ruhusa ya kurudi wakitaka. Ruhusa hiyo haikuja. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Kwa hiyo ukisikia mzee wa Grise Fiord akisema giza limemuumiza, usikimbilie kumpa taa. Muulize kwanza nani aliyempeleka humo.

Sasa tuje kwenye kazi yangu, yaani kifua. Miaka michache iliyopita mashirika ya Wainuit yalilitangazia taifa zima kwamba kiwango cha kifua kikuu miongoni mwao ni karibu mara 300 ya kile cha Wakanada waliozaliwa nchini ambao si wa jamii za asili. Soma tena: mara mia tatu, katika nchi mojawapo ya tajiri kabisa duniani. Mwaka 2018 serikali iliahidi kukimaliza kufikia 2030. Mwaka 2021, Pangnirtung, kijiji cha watu takribani 1,500, kilitangazwa kuwa na mlipuko.

Bakteria wa kifua kikuu hajui majira. Anachojua ni hewa. Mgonjwa akikohoa katika nyumba yenye watu kumi na mmoja, madirisha yamefungwa kwa sababu nje ni nyuzi 38 chini ya sifuri na mashine ya kubadilisha hewa imekufa tangu mwaka juzi, bakteria wale huelea humo kwa saa nyingi wakisubiri kifua kingine. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuit wanaoishi katika nchi yao ya asili wanaishi katika nyumba zilizojaa kupita kiasi. Nimeingia katika nyumba hizo kuwapelekea watu vidonge. Magodoro yanasimamishwa ukutani mchana na kulazwa usiku. Kuna vijana wanaolala kwa zamu. Kuna kuvu nyeusi kwenye pembe za dari. Na kwenye mlango wa jokofu katika nyumba mojawapo nililikuta bango letu, limebandikwa na mwenye nyumba kwa heshima, likimshauri alale katika chumba tulivu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata jina. Ushauri usiotekelezeka haubaki kuwa ushauri. Unageuka kuwa lawama. Mtu akiambiwa afanye asichoweza, kisha akaugua, ugonjwa unakuwa kosa lake. “Tulimwambia,” watasema. Na kweli, walimwambia. Ushahidi upo kwenye jokofu.

Najua watu wa kusini wanavyolizungumza jambo hili, maana nimekaa nao kwenye vikao. Wanasema ni gumu, kwa sababu ya umbali. Lakini umbali haukuwashinda walipotaka. Kuanzia 1950 serikali ilikuwa na meli iitwayo C.D. Howe, iliyozunguka vijiji kila kiangazi ikiwa na mashine ya eksirei. Watu walipandishwa melini kupigwa picha ya kifua. Aliyekutwa na doa hakushuka tena, hata kuwaaga watoto wake. Alipelekwa kusini, hadi miji kama Hamilton, akakaa hospitalini mwaka, miwili, mitatu. Kufikia 1956, Mwinuit mmoja kati ya kila saba alikuwa katika hospitali hizo. Wengi walipona. Wengine walifia huko, wakazikwa huko, na familia hazikuambiwa kaburi liko wapi. Waziri Mkuu alikwenda Iqaluit Machi 2019 kuomba radhi, na sasa kuna mpango uitwao Nanilavut wa kuwasaidia watu kuyatafuta makaburi ya wazazi wao. Bibi mmoja alinieleza kwa nini hapendi kupigwa picha ya kifua. Mama yake alipanda meli akiwa na watoto watatu ufukweni. Yeye ndiye aliyekuwa wa kati. “Bado namsubiri ashuke,” alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniuliza kama chai yangu imepoa.

Kwenye faili lake, muuguzi aliyenitangulia alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hana ushirikiano.

Wakati mwingine nikiwa kule namkumbuka marehemu baba yangu na redio yake. Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili walishiriki. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kidogo, wakajadiliana, halafu wakaamua wafanye nini kijijini kwao. Baba alikuwa kiongozi wa kikundi. Alipenda kusimulia kwamba mabishano makubwa hayakuwa juu ya malaria bali juu ya nani atatoa jembe la kuchimbia choo. Sisemi kampeni ile ilikuwa malaika. Ilikuwa ya serikali ya chama kimoja, na kuna waliochimba choo kwa kuogopa balozi wa nyumba kumi. Lakini tazama tofauti. Kampeni ile ilidhani watu ni wengi, wamekaa pamoja, wana mikono na wana maoni. Bango la buluu linadhani kuna mtu mmoja, peke yake, na kikombe chake.

Kuna jambo jingine linalonipa kiburi kidogo, na linaloniuma. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia aitwaye Karel Styblo alifanya kazi na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, ulioanza 1977. Katika nchi maskini, yenye zahanati za mabati na barabara mbovu, walionyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa wingi na kwa gharama nafuu: mpime mtu makohozi, mpe dawa za muda mfupi, msimamie akizimeza, weka kumbukumbu zake hadi apone. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichukua utaratibu huo na kuupeleka dunia nzima. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Handeni, navuka bahari na kupanda ndege tatu kwenda kusimamia vidonge katika nchi tajiri, kwa utaratibu uliojaribiwa nyumbani kwetu wakati nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia mafuta. Asije mtu kuniambia tatizo ni uwezo.

Na chakula? “Kula matunda na mboga za rangi mbalimbali.” Nilipomtajia mama bei ya kabichi moja, alidhani nimetaja bei ya gunia. Vyakula vibichi huja kwa ndege. Tangu 2011 serikali ina mpango wa ruzuku uitwao Nutrition North, lakini fedha zake hazimfikii mama anayenunua. Zinakwenda kwa mwenye duka na msambazaji, kwa matumaini kwamba bei itashuka. Mwaka 2014 Mkaguzi Mkuu wa Kanada alisema wazi kwamba wizara haikuwa imethibitisha kama wenye maduka wanaipitisha ruzuku yote kwa wateja.

Lakini kichekesho kikubwa ni vitamini D. Kwa nini watu wa Aktiki waliishi miaka elfu moja bila jua la kutosha na bila vidonge? Kwa sababu waliila. Imo kwenye samaki, kwenye mafuta ya sili, kwenye maini. Hata vitamini C, ambayo sisi tunaitafuta kwenye machungwa, imo kwenye ngozi ya nyangumi, maktaaq, iliwayo mbichi. Chakula cha nchi ile kilikuwa duka la dawa. Mwindaji alipaswa kukileta, na mwindaji wa leo anahitaji petroli, risasi na pikipiki ya theluji. Fedha hizo alizipata kwa kuuza ngozi za sili, hadi kampeni za wapenda wanyama wa Ulaya na Marekani zilipoliua soko hilo katika miaka ya 1980. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku biashara ya mazao ya sili. Waliwaachia Wainuit mlango mdogo kwenye sheria, lakini mlango hauna maana soko likishakufa. Filamu ya Alethea Arnaquq-Baril ya mwaka 2016, Angry Inuk, inaeleza haya vizuri kuliko mimi. Basi tumemnyang'anya mtu fedha za kwendea kuwinda, tukampelekea kidonge chenye kile alichokuwa akikiwinda, na bango la kumkumbusha akimeze.

Nisikike vizuri. Vidonge nilivigawa, na nitavigawa tena. Taa ya mwanga mkali humsaidia mtu mwenye huzuni ya majira, na nimewahi kumwazima mwalimu mmoja ya kwangu. Kunawa mikono kunaokoa maisha, maji yakiwepo. Hata Iqaluit, makao makuu, Oktoba 2021 wakazi walikatazwa kunywa maji ya bomba baada ya kugundulika kuwa yana mafuta, na hali ya dharura ilidumu takribani miezi miwili. Sipingi ushauri. Napinga ushauri uliokalia kiti cha nyumba, cha maji na cha chakula, ukajifanya ndio wenyewe.

Napinga pia desturi ya kuwatoa watu kwao ili kuwahudumia. Mwanamke mjamzito katika kijiji kidogo, hata mimba yake iwe salama kabisa, hupandishwa ndege wiki kadhaa kabla ya siku zake, akajifungulie Iqaluit au Ottawa au kwingineko, kati ya wageni. Fomu hizo nimezijaza mimi. Nakumbuka mmoja aliyeondoka Desemba, akaacha watoto wawili kwa mama yake. Mama huyo alinitazama nikiandika, akasema kwa ukalimani: “Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya theluji, wanawake wanne wakamshika mama yangu. Sasa binti yangu atashikwa na nani?” Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilimpa namba ya simu ya hosteli.

Na jibu lipo. Puvirnituq, katika Nunavik, kaskazini mwa Quebec, wanawake walichoka na safari hizo. Mwaka 1986 kikafunguliwa kituo cha uzazi chao wenyewe, ambamo Wainuit hufundishwa ukunga papo hapo, kwa lugha yao, na wakunga wao wenyewe huzalisha. Baadaye vikafuata Inukjuak na Salluit. Akina mama wengi wakabaki karibu na kwao, na watoto wakazaliwa salama, katika baridi ileile na giza lilelile. Nunavik hiyohiyo ina mpango wa kuwalipa wawindaji ili nyama na samaki wafike kwa jamii, uliozaliwa na mkataba wa mwaka 1975. Hayo hayakuanza na bango. Yalianza na watu kushika madaraka, fedha na ufunguo wa jengo.

Hapa lazima nijigeuzie kidole. Mimi ni sehemu ya tatizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wauguzi wa mikataba hatufiki siku ya tatu. Tunakuja, tunalipwa vizuri, tunapanda ndege. Nyumba ninayoijenga Handeni ina matofali ya kaskazini ndani yake. Kila wiki sita mgonjwa anaanza upya kusimulia maisha yake kwa mgeni mwingine, hadi anaacha kusimulia, nasi tunaandika kwamba hana ushirikiano. “Ukijisikia huzuni, zungumza na mtu.” Na nani? Na mimi, ninayeondoka Jumatatu? Mkalimani wetu alikuwa amewapokea wauguzi wengi hata akaacha kuhesabu. Ndiye aliyejua nani ana kikohozi cha zamani na nani ana kipya. Mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo ya wangu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kama angependa kusomea uuguzi.

Mtaniuliza: wewe Mswahili, jambo hili linakuhusu nini? Wainuit wameyasema haya wenyewe, kwa miaka mingi, katika tume zao na mikakati yao. Nimerudia tu niliyosikia kwao. Lakini linanihusu, na linakuhusu wewe unayesoma ukiwa Mbezi au Kisumu, kwa sababu bango lile unalijua. Umeliona kipindupindu kinapoingia mtaani usio na bomba: nawa mikono kwa maji tiririka. Umelisikia kwenye semina hotelini, mtaalamu akieleza kwamba tatizo la wananchi ni uelewa mdogo. Elimu zaidi itolewe, anasema, kisha watu wanakwenda kwenye chai ya saa nne. Wao wana baridi na giza. Sisi tuna “uelewa”. Kisingizio ni kimoja, kimebadilisha koti tu.

Siku zangu zilipokwisha, mabango kumi yalikuwa bado kwenye boksi. Asubuhi ya kuondoka niliingia kituoni kuaga, nikamkuta mkalimani amekaa sakafuni, amelitandaza moja kifudifudi. Nyuma lilikuwa jeupe tupu. Alikuwa anaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa za Kiinuktitut. Nikamwuliza anaandika nini.

“Kaka yangu amerudi na sili watatu,” alisema. “Nyama iko kwenye friza ya kijiji. Waje na mifuko.”

Akasimama, akalibandika mlangoni, upande wa mwanamke wa chai ukiangalia ukuta. Nilipotoka na mabegi yangu, watu walikuwa wameanza kufika.